Shimo la Wanja

Kituo chetu cha picha za ubongo kina mashine moja, vitivo vitatu na maprofesa kumi na mmoja, na kila profesa anaamini mashine ililetwa kwa ajili yake. Mimi ndiye meneja wa kituo. Kwenye karatasi, kazi yangu ni kusimamia matumizi ya pamoja ya mashine ya MRI. Kazi yenyewe ni kuamua ugomvi wa watu wazima wenye shahada tatu tatu, nani alijiandikisha Jumanne saa nne kabla ya nani.

Tuko chini kabisa ya jengo la sayansi, maana hakuna sakafu nyingine inayoweza kubeba uzito ule. Ukifungua mlango wa kwanza unakuta benchi, makabati ya kuwekea vitu na sinki. Mlango wa pili ni chumba changu cha uendeshaji, chenye skrini tatu na dirisha la kioo. Nyuma ya kioo kuna sumaku, na sumaku hiyo haizimwi, iwe Jumapili au sikukuu. Ingia na funguo mfukoni, itakunyang'anya. Kwa hiyo kila anayeingia hujaza fomu: una chuma mwilini? Umewahi kupasuliwa? Umevaa hereni, kibanio, wanja?

Hapo kwenye wanja watu hucheka. Lakini wanja mwingi wa dukani una unga wa chuma ndani yake. Ni kidogo mno kumvuta mtu, ila unatosha kuvuruga picha. Juu ya macho panatokea giza, utadhani kipande cha ubongo kimemegwa. Dawa yake ni maji, sabuni na dakika kumi.

Dakika kumi hizo ndizo zilizozaa haya yote.

Kulikuwa na profesa tuliyemwita Bwana Nafasi. Alikuwa akijiandikia nafasi zote za Jumatatu hadi Alhamisi kwa mwezi mzima, kisha haonekani. Na mwenzake akithubutu kuitumia saa iliyokaa bure, ataandikiwa barua ndefu, nakala kwa chuo kizima isipokuwa mtunza bustani. Alivaa koti jeupe la daktari ingawa hakuwahi kumgusa mgonjwa wala mashine. Mimi aliniita fundi. Si kwamba ufundi ni tusi, kaka yangu ni fundi rangi na anaheshimika kuliko maprofesa wote kumi na mmoja. Ila Bwana Nafasi alilitamka neno lile kama mtu anayetema kokwa.

Mwaka huo alileta utafiti wa jinsi wanaume na wanawake wanavyofanya uamuzi. Walimu arobaini wa kike, arobaini wa kiume, kila mmoja alale ndani ya mashine achague kati ya picha mbili mbili. Siku ya kwanza alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti changu na mikono mgongoni.

"Fundi, hii ya kunawa uso inachukua muda gani?"

"Dakika kumi, Profesa. Na mimi ni meneja."

"Dakika kumi mara arobaini ni karibu saa saba za mashine. Acheni hiyo. Tunapiga picha ubongo, hatupigi kope."

"Picha zitaharibika hapa mbele, juu ya macho."

"Wasaidizi wangu watazisafisha kwenye kompyuta."

Ningeweza kufunga mlango. Kanuni za kituo zilikuwa upande wangu, zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Lakini Bwana Nafasi ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya watumiaji, na kamati ndiyo iliyokuwa inaamua kila mwaka kama meneja anabaki au anakwenda. Basi nikafanya wanachofanya waoga wote wa ofisini: niliandika. Kwenye daftari la kituo, mbele ya namba ya kila mshiriki, niliandika kwa mwandiko mzuri: "wanja, hajanawa." "Hana wanja." "Amenawa kwa hiari yake." Kila nikimaliza mstari nilijiona mtu mwadilifu, kana kwamba kuandika kosa ni sawa na kulizuia.

Mshiriki namba kumi na saba alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Nilimwomba mwenyewe, kwa sababu wasaidizi walikuwa wamepungukiwa wanawake. Wifi anafundisha hesabu. Ni mtu wa mpango: hata kabati lake la vyombo ukilifungua unaona hoja na hitimisho. Na haendi popote bila wanja, hata kama ni kununua chumvi hapo nje. Alivua hereni, akaziweka kabatini, akasimama kando ya sinki.

"Ninawe?" aliniuliza.

Msaidizi mmoja akadakia kwamba hakuna haja, tumechelewa. Wifi hakumtazama yule msaidizi. Alinitazama mimi.

"Ingia tu, wifi," nikamwambia.

Miezi minane baadaye makala ikatoka kwenye jarida moja la ng'ambo, na gazeti la hapa likaichapa ukurasa wa kwanza: eneo la uamuzi katika ubongo wa wanawake ni hafifu, watafiti wagundua. Bwana Nafasi alihojiwa redioni asubuhi. Alizungumza taratibu, kwa sauti ya mtu anayesikitikia jambo lililo nje ya uwezo wake. "Mimi siwalaumu akina mama," alisema. "Maumbile yameshaamua." Mtangazaji akacheka. Debe tupu likapigwa, na nchi nzima ikacheza.

Gazetini kulikuwa na picha ya ubongo. Shimo jeusi, pale pale juu ya macho. Niliijua mara moja, kama mpishi anavyojua harufu ya kuungua hata akiwa chumba kingine. Nikakunja gazeti, nikanywa chai. Nilijiambia wataalamu wenzake wataona. Nikasubiri wiki moja, ya pili, ya tatu. Wataalamu wenzake walikuwa wakimwandikia barua za pongezi.

Jumapili moja alasiri wifi alikuja kwangu, kaka nyuma yake. Hakukaa mpaka nilipomvutia kiti. Alikuwa amekaimu ukuu wa shule kwa miaka miwili, akaomba nafasi rasmi, na wiki hiyo alikuwa ameitwa mbele ya bodi ya shule.

"Mwenyekiti wa bodi ameniuliza kama nimesoma gazeti," alisema.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimefanya zaidi ya kulisoma, mimi ni mmoja wa waliopigwa hizo picha. Akacheka. Akasema basi ushahidi umejileta wenyewe."

"Nafasi wamempa nani?"

"Mwalimu wa michezo," kaka alijibu kwa niaba yake. "Yule anayemwomba mke wangu amsomee ratiba."

Kaka ana mikono mikubwa na rangi haitoki kwenye kucha zake, na siku hiyo alikuwa anazitazama kucha hizo kama za mtu mwingine. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, "Dada, ni kweli kichwani mwake kuna shimo?"

"Hakuna."

"Unajuaje?"

Nikawaeleza. Unga wa chuma, giza juu ya macho, dakika kumi, mwenyekiti wa kamati, daftari. Nilieleza vizuri sana. Nimezoea kuwaeleza wageni.

Wifi alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekosea hatua ya pili na bado anaendelea mpaka ya kumi.

"Siku ile nilikuuliza kama ninawe," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia niingie tu."

"Ndiyo, wifi."

"Yule profesa hakutaka kujua, kwa hiyo tunamwita mjinga. Wewe ulijua. Sijui wewe tukuiteje."

Aliinuka, akaacha chai ikiwa imejaa. Kaka alinigusa bega akamfuata. Nilibaki na vikombe vitatu na hasira nyingi, na aibu ni kwamba nusu ya hasira ile ilikuwa kwa wifi, kwa kuwa alisema kweli.

Jumatatu nilifungua daftari. Wanawake arobaini. Thelathini na mmoja walikuwa na wanja. Tisa hawakuwa nao, au walinawa kwa hiari. Nikafungua picha ghafi, zile ambazo hazijapitia kwenye kompyuta za wasaidizi. Shimo lilikuwepo kwa wale thelathini na mmoja. Kwa wale tisa halikuwepo hata kwa mmoja. Haikuhitaji hata kikokotoo. Nilichapisha picha hizo nikapanda ghorofa ya nne.

Bwana Nafasi alikuwa anasaini vitu. Alinisikiliza huku kalamu ikitembea.

"Tisa ni wachache," alisema. "Huwezi kuhitimisha kitu kwa watu tisa."

"Na wale wenye wanja?"

"Wale wanatosha."

"Profesa, ni chuma. Ni chuma kwenye kope."

"Umesoma takwimu, fundi?"

"Nimesoma fizikia. Chuma hakingoji takwimu."

Hapo akaweka kalamu chini, akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri. "Fikiria upande wa pili," alisema. "Huenda wanawake wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaopenda kupaka wanja. Uamuzi wao ni hafifu, kwa hiyo wanajipamba. Hilo nalo linaweza kuwa makala."

Niliondoka bila kuaga. Kuna upumbavu unaohitaji masomo marefu. Mtu ambaye hakupita chuo kikuu hawezi kuufikia hata akijitahidi.

Jioni hiyo nilimpigia kaka.

"Nataka nikupake wanja," nikamwambia.

Akaniuliza kama nimesema wanja.

"Ni kwa ajili ya mkeo."

"Nije lini?"

Jumamosi asubuhi mashine huwa yangu. Ni saa za kupima ubora wa picha, na kanuni zinaniruhusu kumlaza mtu wa kujitolea badala ya chupa ya maji tunayoitumia siku zote. Kaka alifika saa tatu amevaa shati la kanisani. Alijaza fomu yote, akasaini, kisha akatoa penseli ndogo mfukoni.

"Nimeichukua kwenye mkoba wake," alisema. "Ile ile anayotumia."

Kwanza nilimpiga picha akiwa hivyo hivyo. Ubongo safi, kila kitu mahali pake. Kisha nikamkalisha kwenye benchi nimpake. Mtu huyu hupaka dari mwaka mzima juu ya ngazi bila kutetemeka, lakini penseli ile ilimliza. Alipepesa, akarudi nyuma, akaomba tupumzike, akauliza kama wanawake wote hupitia haya kila siku na kwa nini hawajagoma. Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo cha sinki kwa muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Si mbaya." Nikamrudisha ndani. Picha ya pili ilipoanza kujichora kwenye skrini, shimo likaja, jeusi, juu ya macho, kama vile limetumwa. Nikamtoa, akanawa kwa sabuni mara mbili, nikampiga ya tatu. Shimo limekwenda.

Nilimwonyesha zote tatu.

"Kwa hiyo nilikuwa sina uamuzi kwa dakika ishirini," kaka alisema.

"Mkeo atasema ni zaidi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akakaa akiitazama ile ya katikati. "Kwa kitu hiki tu," alisema. "Kwa kitu hiki tu, dada."

Kamati ya watumiaji ilikaa Alhamisi. Kila mwezi natoa taarifa ya ubora wa picha, ajenda ya sita, baada ya kiyoyozi kibovu na kabla ya malalamiko kuhusu makabati. Ni ajenda ambayo maprofesa huitumia kusoma ujumbe kwenye simu. Siku hiyo mkuu wa kitivo alikuwepo, mama mmoja mnyamavu anayesoma kila karatasi mpaka nyuma. Bwana Nafasi alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti.

Nikaweka picha ya katikati ukutani, ile yenye shimo. Sikuandika jina.

"Profesa," nikamwambia, "picha hii ungeisomaje?"

Mtu mwenye akili angeuliza kwanza ni ya nani. Bwana Nafasi alisimama, akachomoa kalamu mfukoni kuonyeshea. "Huu ni mfano mzuri sana," alisema. "Tazameni hapa, eneo la uamuzi. Hafifu kabisa. Mwanamke, tena wa makamo. Unaona hata umbo lenyewe linakwambia."

"Ni mwanamume," nikasema, nikiweka zile mbili nyingine kando yake. "Ni fundi rangi, ni kaka yangu tumbo moja. Hii ni yake kabla ya kupaka wanja, na hii ni yake baada ya kunawa. Zote tatu ni za Jumamosi, kati ya saa tatu na saa tano."

Feni tuliyoweka badala ya kiyoyozi ilizunguka, ikapeperusha karatasi za mtu, na hakuziokota. Bwana Nafasi alibaki amesimama, kalamu ikielekea kwenye ubongo wa kaka yangu. Wenzake waliinamia meza. Kabla ya chai ya saa nne maprofesa wote kumi walikuwa wamekumbuka kwamba tangu mwanzo walikuwa na mashaka.

Mkuu wa kitivo aliomba daftari. Akaanza kusoma kwa sauti. "Mshiriki wa kwanza, wanja, hajanawa. Mshiriki wa pili, wanja, hajanawa. Mshiriki wa tatu, hana wanja. Mshiriki wa nne, wanja, hajanawa." Alisoma mpaka wa kumi na tisa, ndipo Bwana Nafasi akasema imetosha. Alipopita wa kumi na saba nilitazama sakafu.

Kisha mkuu wa kitivo akafunga daftari, akanigeukia mimi. "Wewe uliandika haya yote, na bado ukaendelea kuwaingiza?"

"Ndiyo, Mama Mkuu."

"Basi barua zitakuwa mbili," alisema.

Na kweli zilikuwa mbili. Ya Bwana Nafasi ilimwondoa kwenye uenyekiti wa kamati na kumtaka aifute makala. Yangu ilikuwa onyo, ya mstari mmoja na nusu, na sikuweza kupata ndani yake neno moja la kulipinga.

Makala ilifutwa baada ya miezi mitano kwa maelezo mafupi yasiyo na mtu ndani yake: "ilibainika", "ilionekana", "imeamuliwa". Ungedhani wanja ulijiandikia. Gazeti lilichapa masahihisho chini ya tangazo la kupotea kwa mbwa, kwa herufi ndogo kuliko za mbwa. Redio haikusema kitu. Naye Bwana Nafasi ni kama kizibo: ukikizamisha huku kinaibukia kule. Mwaka uliofuata alitoa makala mpya kuhusu athari za vipodozi vya macho kwenye picha za ubongo. Takwimu zote zilitoka kwenye daftari langu. Mwishoni aliwashukuru "wahudumu wa kituo". Alialikwa kwenye mikutano miwili kuizungumzia, na nasikia huwa anaanza kwa kusema kwamba mwanasayansi wa kweli hutilia shaka kila kitu.

Wifi aliomba barua ya maelezo kwa mkuu wa kitivo, akaipeleka kwenye bodi ya shule. Mwenyekiti aliisoma, akasema ni jambo la kufurahisha sana, lakini nafasi imeshajazwa. Wifi akamuuliza kama yule mwalimu wa michezo naye walimpiga picha kabla ya kumchagua. Akaomba uhamisho siku hiyo hiyo, na mwanzoni mwa mwaka akapewa shule ya wasichana upande wa pili wa mji, awe mkuu wake.

Kwa miezi yote hiyo hakuja kwangu. Alinisalimu kupitia kaka, salamu za vipimo, bila kuzidisha. Nilipochoka, nilimfuata kwake na ile barua yangu ya onyo. Nilimkabidhi bila maelezo. Aliisoma mlangoni, amesimama, miwani imeshuka puani.

"Wameandika uzembe," alisema.

"Ndiyo."

"Ndilo neno lenyewe. Nilikuwa nalitafuta."

Akanirudishia barua. Kisha akasogea kando ili nipite.

Muhula wa pili aliniletea wasichana ishirini na wawili kuja kuona kituo. Bila kuambiwa mara mbili walipanga foleni kwenye sinki, wakanawa, hata wasio na wanja, wakirushiana maji. Niliwaeleza sumaku ni nini, kwa nini haizimwi, na kwa nini picha ya ubongo inahitaji mtu mvumilivu kuliko mtu maarufu. Bwana Nafasi alipita koridoni na koti lake jeupe, akaona umati, akakumbuka shughuli nyingine upande wa pili.

Msichana mmoja wa mbele aliinua mkono. "Mashine hii inaweza kuonyesha mtu anayesema uongo?"

"Haiwezi," nikamjibu.

"Ingeweza," wifi akasema kutoka kwenye benchi, bila kuinua macho kwenye orodha yake ya majina, "hapa chuoni wangeshaikata waya."

Wasichana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Niliwaambia wavue hereni, waje wawili wawili.